Nyumba Nazo Hupumua: Matembezi Kutoka Forodhani Hadi Ng'ambo

Ndugu msomaji, abiria atokaye Dar es Salaam kwa boti huonyeshwa kwanza uso wa zamani wa Unguja. Baada ya saa mbili hivi za mawimbi, safu ya majumba meupe huinuka kutoka baharini, madirisha yake yakitazama maji kama watu waliokaa barazani wakimngoja mgeni. Huo ndio Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nyuma yake, mbali na macho ya abiria, uko mji mwingine uliokuwa mkubwa zaidi, uitwao Ng'ambo, na humo zimesimama nyumba ndefu za ghorofa ambazo watu wengi wa Bara huzijua kwa jina moja tu: Michenzani. Kutoka mji mmoja kufika mwingine ni mwendo wa nusu saa kwa mtu asiye na haraka.

Nilikwenda mwendo huo mwezi wa Juni, masika yalipokwisha, na sikwenda kwa matembezi tu. Mama yangu mkubwa, aishiye ghorofa ya tatu katika nyumba mojawapo ya huko Ng'ambo, alikuwa amenipigia simu. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kipande cha dari kimeanguka juu ya mkeka ambao mjukuu wake alikuwa ameulalia muda mfupi kabla.

"Hakuna aliyeumia, Alhamdulillahi," alisema. "Lakini njoo ulione mwenyewe, wewe uandikaye magazetini. Kumbe ndani ya dari mna chuma, na chuma chenyewe kimeoza."

Nyumba sitaitaja, kwa kuwa maradhi yake si ya nyumba moja. Ni maradhi ya kila mji wa pwani uliojengwa kwa zege na nondo, kuanzia Tanga hadi Mtwara, Mombasa na kwingineko duniani. Nakuomba unifuate hatua kwa hatua tangu Forodhani, kwa maana njia hiyo fupi inaeleza habari nzima ya jinsi nyumba zinavyoishi na jinsi zinavyokufa.

KUTA ZA CHOKAA

Tuanzie Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe. Majumba ya hapa yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Wajenzi wa zamani waliyapanga mawe hayo juu ya magogo, wakayachoma mpaka yakawa chokaa, wakaizima kwa maji, kisha wakaichanganya na mchanga na udongo mwekundu. Kuta zao zilikuwa nene, nyingi zikifika nusu mita au kupita. Sakafu za juu zilibebwa na boriti za mikoko, nazo ndizo zilizoamua upana wa vyumba, kwani boriti nzuri haizidi sana mita tatu. Ndiyo maana chumba cha Mji Mkongwe huwa kirefu lakini chembamba.

Chokaa ina siri moja ambayo inafaa uikumbuke mpaka mwisho wa makala haya. Jiwe la matumbawe likichomwa hutoa hewa ya ukaa, ile ile tuitoayo puani. Chokaa ikishapakwa ukutani huanza kuivuta tena hewa hiyo kutoka angani, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka inarudi kuwa jiwe kama ilivyokuwa baharini. Kwa hiyo ukuta wa chokaa hupumua, na kila pumzi huukomaza.

Lakini nisikudanganye kwamba cha kale hakifi. Hatua chache kutoka Ngome Kongwe ndipo lilipojengwa Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultani Barghash alilikamilisha mwaka 1883 likiwa na varanda pana juu ya nguzo ndefu za chuma. Lilinusurika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Halikunusurika uchakavu. Mwaka 2012 sehemu ya varanda yake iliporomoka, na tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Maji ya mvua yanapopata njia ya kuingia ndani ya ukuta, hayaulizi jumba lilikuwa la nani.

PAA LA MKUNAZINI

Ukiingia katika vichochoro na kuelekea upande wa mashariki, utafika Mkunazini, penye kanisa kuu la Kianglikana lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, ambaye pia alikusanya hadithi za Kiswahili na kuandika sarufi ya lugha yetu. Nakuomba uinue macho utazame paa. Ni zege la saruji na matumbawe yaliyopondwa, lililopindwa kama pipa lililokatwa katikati kwa urefu wake. Inasimuliwa kwamba watu wengi wa mji walikuwa na hakika kuwa litaanguka. Limefanyiwa ukarabati, lakini hadi leo liko juu.

Kwa nini halikuanguka? Zege ni kama muhogo mkavu. Ukiuwekea mzigo juu utaustahimili, lakini ukiushika ncha mbili na kuupinda utavunjika. Paa lililopinda kama upinde hujikandamiza lenyewe, wala halivutiki. Likijengwa hivyo, zege huweza kuishi bila msaada wa chuma.

Shida ni kwamba hatuwezi kuishi sote chini ya mapaa ya pipa. Tunataka dari iliyonyooka ambayo juu yake jirani ataweka kitanda na kabati. Dari ya namna hiyo hupindika chini ya mzigo, na upande wake wa chini huvutika. Basi mwaka 1867 mtunza bustani mmoja wa Ufaransa, Joseph Monier, alipata hati ya haki ya uvumbuzi kwa vyungu vya maua vya saruji alivyovitia nyaya za chuma ndani. Kutokana na majaribio kama hayo duniani likakua zege la nondo, ambalo limebeba madaraja, mabwawa na makazi ya karne ya 20.

Kwa mtu wa pwani jambo hilo si geni. Babu zetu walijua kwamba udongo peke yake hupasuka, wakausukia fito. Zege ni udongo, nondo ni fito. Na kama nyumba ya udongo ilivyokuwa na adui wake, mchwa, aliyekula fito kimyakimya huku ukuta ukionekana mzima, vivyo hivyo zege lina mchwa wake. Jina lake ni kutu.

KUVUKA DARAJA

Kutoka Mkunazini unatokea Darajani, penye Soko Kuu na makelele ya wauza samaki na viungo. Jina linakumbusha daraja lililokuwapo zamani, wakati mkono wa bahari ulipoutenga mji wa mawe na ng'ambo ya pili. Mkono huo wa bahari ulifukiwa katika karne ya 20, na leo magari yanapita palipopita ngalawa. Jina la Ng'ambo limebaki.

Ng'ambo ilikuwa mji wa vibarua, wachuuzi, wapagazi na mafundi, wengi wao wakiishi katika nyumba za udongo na makuti. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume iliazimia kuwahamishia watu hao katika nyumba za kisasa. Wataalamu kutoka Ujerumani ya Mashariki walisaidia kupanga na kujenga. Zikatangulia nyumba za Kikwajuni na Kilimani, kisha zikaja za Michenzani, majengo kumi makubwa yaliyopangwa kando ya barabara pana zinazokutana katikati. Baadhi yana urefu unaokaribia mita 300. Kazi iliendelea hata baada ya kifo cha Mzee Karume mwaka 1972, mpaka ndani ya nusu ya pili ya muongo huo.

Wako watu wanaoziita nyumba hizo sanduku la kiberiti. Mimi sijapata kumsikia mama mkubwa akitumia neno hilo. Alihamia Ng'ambo akiwa bibi harusi, na jambo analolikumbuka ni usiku wa kwanza alipobonyeza swichi, taa ikawaka, akaizima, akaiwasha tena, mpaka mumewe akamwambia taa si mchezo. Kwake nyumba ile ilikuwa ahadi. Na ahadi ndiyo iliyokuwa imemwangukia mkekani.

KIPANDE KATIKA SAHANI

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani, lakini upite ukutani ukutani, usipite katikati."

Alikuwa amekihifadhi kipande kile katika sahani ya bati, kama ushahidi wa mahakamani. Kilikuwa bapa, ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, kizito. Upande mmoja ulikuwa na rangi nyeupe ya dari. Upande wa pili ulikuwa na mfereji uliopakwa kutu nyekundu, na katika mfereji huo ndimo ilimokuwa imelala nondo. Nilipotazama juu niliiona nondo yenyewe, imevimba na kuchanika matabaka matabaka kama gome la mti mkavu.

Fundi aliitwa, mtu wa makamo aliyejifunza kazi kwa baba yake, naye akaniomba nisilitaje jina lake. Kwanza alichukua nyundo ndogo na kuanza kugongagonga dari, akisikiliza kama daktari asikilizavyo kifua. Palipo pazima palitoa sauti kali. Palipo pagonjwa palitoa sauti ya debe tupu. Alizungusha chaki kila mahali palipolia hivyo, na alipomaliza, robo ya dari ilikuwa na alama.

Kisha alivunja kipande kipya na kukinyunyizia maji ya dawa iitwayo fenolfthalini. Sehemu ya ndani kabisa ya kipande iligeuka rangi ya waridi iliyokoza. Sehemu ya nje, unene wa kama sentimita mbili, haikugeuka rangi.

"Umeona, Bi Mkubwa?" alisema. "Penye waridi, zege bado linailinda nondo. Pasipo rangi limeshachoka. Na nondo zako ziko hapo hapo pasipo rangi."

Mama mkubwa alikitazama kipande kile kwa muda. "Kwa hiyo ilikuwa inaumwa siku zote hizi," alisema, "nami nikiipaka rangi kila Idi."

MAADUI WAWILI

Maelezo ya jambo lile, ndugu msomaji, ni haya. Zege changa lina ukali wa alkali, mfano wa magadi lakini mkubwa zaidi. Katika kipimo ambacho maji safi hupata 7, zege hilo hupata 12 hadi 13. Ndani ya ukali huo chuma hujivika utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo ndio unaokizuia kushika kutu. Kwa maneno mengine, zege huibeba nondo na papo hapo huivalisha nguo.

Adui wa kwanza ni hewa ya ukaa. Unakumbuka siri ya chokaa? Hewa ile ile inayoukomaza ukuta wa Mji Mkongwe huingia katika vitundu vidogo vya zege na kuumaliza ukali wake polepole, kutoka nje kwenda ndani. Zege lenyewe halidhuriki. Linaweza hata kuwa gumu zaidi. Lakini mstari huo unapoifikia nondo, utando wa kinga huvunjika. Pumzi inayoijenga nyumba ya chokaa ndiyo inayoivua nguo nyumba ya nondo.

Adui wa pili ni chumvi. Upepo wa kaskazi na wa kusi hubeba chembe za maji ya bahari na kuzipaka kila ukuta uelekeao pwani. Chumvi hailisubiri zege lipoteze ukali wake. Hutoboa utando wa nondo mahali pamoja pamoja na kuichimba mashimo. Mara nyingine mjenzi mwenyewe humkaribisha adui huyu ndani tangu siku ya kwanza, kwa kutumia mchanga wa ufukweni usiooshwa au maji ya kisima chenye chumvi.

Kutu ikishaanza, hujaa nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara mbili hadi mara sita. Mahali pa kwenda haina, kwa hiyo husukuma. Zege, ambalo tumekwisha kuona kwamba halistahimili kuvutwa, hupasuka kwa kuufuata urefu wa nondo. Ufa huo huingiza maji na hewa zaidi, na kutu huongezeka. Siku moja ganda huanguka, na ikiwa familia ina bahati, huanguka mkekani mtoto akiwa amekwisha kuamka.

HESABU YA HEWA

Hapa ndipo habari ya chumba kimoja inapokutana na habari ya dunia. Vipimo vya hewa ya ukaa vilivyoanza mwaka 1958 katika mlima Mauna Loa, kisiwani Hawaii, vilionyesha wakati huo sehemu zipatazo 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo zimepita 420. Yaani palipokuwa na tatu sasa pana nne.

Kwa kanuni ya kawaida ya wahandisi, mambo mengine yote yakiwa sawa, muda wa hewa hiyo kuifikia nondo hupungua kwa uwiano huo huo. Nondo ambayo ingefikiwa kwa miaka 40 katika hewa ya mwaka 1958, katika hewa ya leo itafikiwa kwa miaka 30. Hiyo ni miaka kumi iliyochukuliwa kwa mfanyakazi bila ya kuulizwa, na huenda deni la nyumba yenyewe halijaisha.

Na mambo mengine hayako sawa. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyopata kupimwa duniani, na joto huharakisha kutu. Zege lililozama majini wakati wote hupenyezwa hewa kwa shida, na zege kavu kabisa halishiki kutu. Linaloumia zaidi ni lile linalolowa na kukauka, likalowa tena na kukauka, nayo mvua kubwa za ghafla zinazofuatwa na jua kali hufanya kazi hiyo hasa. Usawa wa bahari duniani umepanda kwa kiasi cha sentimita 20 tangu mwaka 1900. Katika kisiwa ambacho maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa karibu mita nne, sentimita 20 zaidi zina maana ya mawimbi kufika palipokuwa hapafikiki, na ya chumvi kunyemelea visima. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania, wengi walishangaa. Hata hivyo Zanzibar ilipata kupigwa na kimbunga kikubwa mwaka 1872, kilichoiangusha minazi na mikarafuu kwa wingi. Waliojenga katika karne ya 20 hawakufikiri kwamba hewa yenyewe ingebadilika.

Kuna na jambo la kuhuzunisha zaidi. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa katika tanuri kali, na kazi hiyo duniani kote hutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu. Kila nyumba tunayoibomoa kabla ya wakati wake na kuijenga upya huongeza hewa ile ile itakayoishambulia nyumba inayofuata. Nyumba inayodumu miaka mia ni akiba ya fedha, na ni akiba ya hewa pia.

UFA HAUZIBWI KABLA YA KUFUNGULIWA

Wahenga walitufundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba zao maneno hayo yalitosha. Kwa zege la nondo yanahitaji nyongeza, na fundi wetu aliitoa alipokuwa akinawa mikono: "Ukiuziba ufa wa zege bila kuufungua, umemfungia mwizi ndani ya nyumba."

Alikuwa na maana kwamba lipu na rangi juu ya nondo yenye kutu ni kujidanganya. Dawa ya kweli ni kubomoa zege bovu lote mpaka nyuma ya nondo, kuisugua nondo mpaka ing'ae, kuifunga nondo nyingine kando ya ile iliyoliwa sana, kuirudishia kifuniko cha zege zuri, na kukimwagilia maji siku zisizopungua saba. Dari inapokuwa wazi hivyo lazima ibebwe na magogo, na kazi kubwa isimamiwe na mhandisi. Si kazi ya siku moja wala ya fundi wa kupita njia. Onyo jingine ni kwa wenye nyumba za mawe: lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa huuziba pumzi, unyevu hubaki ndani, na ukuta huoza. Kila nyumba itibiwe kwa dawa yake.

Na kabla ya dawa yote hiyo, sharti ukome unyevu. Dari ya mama mkubwa ilikuwa inalowa kutokana na bomba la choo cha jirani wa juu. Jirani mwenyewe hakujua. Kwake maji yalikuwa yanatelemka na kupotea; kwa mwenzake wa chini yalikuwa yanafika. Hapo ndipo nilipouelewa ugumu wa nyumba za ghorofa. Kila mmoja wetu ana ufunguo wake na mlango wake, lakini dari yangu ndiyo sakafu yako, na nguzo ipitayo chumbani kwangu imekubeba wewe na watoto wako. Zege halijui mipaka ya vyumba. Ukarabati wa mlango mmoja mmoja ni sawa na kutibu kidole na kuuacha mkono.

KWA ANAYEJENGA LEO

Wasomaji wengi wa ukurasa huu hawaishi katika nyumba za serikali. Wanajenga chao Mbagala, Kigamboni, Fumba au Kisauni, mfuko mmoja wa saruji baada ya mwingine. Kwao nayasema haya machache.

Kwanza, umbali wa nondo kutoka nje ya zege ndio umri wa nyumba yako. Hewa ya ukaa husafiri polepole kadiri inavyoingia ndani, kiasi kwamba ukiongeza unene wa kifuniko mara mbili, muda wa kufikiwa nondo huongezeka mara nne. Kwa zege ambalo hupenyezwa sentimita mbili kwa miaka 25, sentimita nne zitachukua miaka 100. Upana wa kidole kimoja ni tofauti ya vizazi. Kwa hiyo nondo zisilazwe juu ya mbao wala kuinuliwa kwa kokoto. Ziwekewe vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, na pande zielekeazo bahari kifuniko kifike sentimita nne au tano.

Pili, maji yasizidi. Zege la majimaji humwagika kwa urahisi na kumfurahisha kibarua, lakini maji yanapokauka huacha vitundu, na vitundu hivyo ndiyo milango ya adui. Tatu, mchanga uwe safi na maji yasiwe na chumvi. Nne, zege likishamwagwa lilindwe na jua, limwagiliwe asubuhi na jioni au lifunikwe magunia mabichi kwa wiki nzima. Maji hayo ni rahisi kuliko nondo. Tano, paa liwe na mteremko na mifereji, kwa maana nyumba inayokauka upesi huishi muda mrefu.

KIKAO CHA NGAZINI

Jioni ya siku ya pili mama mkubwa alivaa buibui lake akapanda ngazi mpaka juu kabisa, akabisha hodi mlango hadi mlango akiwa na sahani yake ya bati. Hakumlaumu mtu. Aliwaonyesha kile kipande, akawaambia waguse kutu kwa vidole vyao. Baada ya sala ya Isha watu wa milango minane walikutana ngazini, wengine wamesimama, wengine wameketi juu ya vidaraja, watoto wakichungulia katikati ya miguu ya wakubwa.

Mabishano hayakukosekana. Kijana mmoja aliuliza kwa nini atoe fedha ilhali dari yake nzima. Mzee wa ghorofa ya chini akamjibu: "Yako nzima kwa sababu hujaigonga, mwanangu." Fundi akapewa nyundo, akapanda kwa kijana, na kila mtu ngazini akanyamaza asikilize. Tulisikia sauti kali, tena sauti kali, kisha ya debe tupu.

Bomba la choo lilitengenezwa wiki ile ile. Mchango wa dari umeanza, na barua ya kuomba mhandisi aje kuzikagua nguzo na paa imekwisha kuandikwa na kutiwa saini na milango yote minane. Paa bado linavuja. Kazi hiyo inapita uwezo wa mifuko yao, nao wanalijua hilo. Mjukuu amehamishiwa chumba cha pili.

Nilirudi Forodhani kwa njia ile ile asubuhi iliyofuata, kupanda boti. Bamvua lilikuwa limejaa, na maji yalikuwa yakiupiga ukuta wa bustani na kurusha chembe nyeupe mpaka barabarani. Nilijikuta nikigongagonga kwa kifundo cha kidole kila nguzo niliyoipita, nikisikiliza. Nakuomba nawe, ndugu msomaji, ukishalikunja gazeti hili, uchukue nyundo ndogo ukaigonge dari ya nyumbani kwako. Pakilia vibaya, usipake rangi. Mwite jirani.